Mkono mmoja unashtuka, mwingine umelala: niliyojifunza kuhusu mishipa ya fahamu ya mtoto mchanga

Naandika hii kwa ajili ya mama, na baba pia, ambae mtoto wake amezaliwa na mkono mmoja hauchezi, umelala tu pembeni ya mwili, na kila anaepita kitandani ana maelezo yake. Mi mwanangu wa pili alizaliwa hivo hapa Tanga. Saivi anaelekea miaka minne. Kipindi kile nilitafuta mtu wa kunieleza kwa Kiswahili cha kawaida nini kinaendelea ndani ya shingo ya mtoto na sikumpata mapema, nilipata vipande vipande, kingine kwa daktari wa watoto, kingine kwa fizio (mtaalamu wa mazoezi ya viungo), kingine kwa kina mama tuliokuwa tunakaa nao kwenye benchi tukisubiri kuitwa. Nimeviunganisha hapa.

Chanzo ni leba. Mtoto alikuwa mkubwa, zaidi ya kilo 4, kichwa kikatoka vizuri halafu bega likakwama. Kama hujawahi kusikia hii kitu, bega la mbele la mtoto linanasa nyuma ya mfupa wa kinena cha mama, kichwa kiko nje, kifua bado kiko ndani, hawezi kuvuta pumzi na kitovu kinabanwa, kwahiyo zinabaki dakika chache tu kabla ubongo haujaanza kuumia kwa kukosa oksijeni. Nakumbuka nimekunjwa mapaja mpaka yakafika tumboni, nesi mmoja anagandamiza juu kidogo ya kinena, mwingine ndo yuko na mtoto, sauti zinapanda, halafu akatoka, akachelewa kidogo kulia kisha akalia. Baadae watu wengi waliniambia "manesi wamemvunja mtoto", mi sikukubali na mpaka leo sikubali. Wale wadada waliniokolea mwanangu. Bega likinasa na shingo ikavutika upande mmoja, mishipa ya fahamu inayotoka shingoni kwenda mkononi inavutika nayo, na hili linatokea hata kwa mkunga mwenye mkono mwepesi, mara nyingine hata kwa waliozaa kwa opereshen. Katika watoto 1000 wanaozaliwa, mmoja mpaka watatu hivi wanapata tatizo hili. Wataalamu wanaliita Erb, kwa jina la daktari wa Ujerumani, Wilhelm Erb, alieandika habari zake mwaka 1874.

Mkono wenyewe ulikuwa hivi: wa kushoto, umenyooka, bega limegeukia ndani, kiganja kinatazama nyuma. Ukiuinua ukauachia unaanguka kama sio wake. Wa kulia umekunjwa vizuri kifuani kama watoto wachanga wote.

Sasa kilichonifungua macho ni jinsi daktari wa watoto alivompima. Nilidhani ataleta mashine kubwa. Alitumia mikono yake tu. Alimshika mtoto kwa mgongo na kichwa, akakiachia kichwa kishuke ghafla kidogo sana huku mkono wake uko chini kukidaka, na mwanangu akashtuka. Mkono wa kulia ukafunguka, vidole vikatanuka, halafu ukarudi kifuani kama anakumbatia. Wa kushoto haukufanya lolote. Akarudia, vilevile. Kisha akaweka kidole chake kwenye kiganja cha kushoto, kile cha mkono uliolala, na vidole vya mtoto vikajifunga vikakishika. Akanitazama akasema, "mama, vidole vinashika, hii ni habari nzuri". Mi sikuelewa uzuri wake uko wapi, mkono mzima umelala we unafurahia vidole?

Akanichorea nyuma ya kadi ya kliniki. Kutoka shingoni kuna mizizi mitano ya mishipa ya fahamu inayoingia mkononi. Miwili ya juu, ule wanaouita wa tano na wa sita wa shingo, ndo inayonyanyua bega, kukunja kiwiko, na kugeuza kiganja kitazame juu. Ya chini kabisa ndo inayofunga vidole. Mtoto wangu aliumia ile ya juu, ya chini ikabaki salama, ndo maana bega na kiwiko vimelala lakini ngumi inashika. Vidole navyo vingekuwa vimelegea ingemaanisha mizizi yote imeguswa. Akamwangalia na macho, kama kope la upande ule limeshuka au mboni imekuwa ndogo kuliko mwenzake, maana hiyo inaonyesha mzizi umeng'oka karibu kabisa na uti wa mgongo, ambapo haurudi wenyewe. Macho yalikuwa sawa. Akasikiliza kifua pia, kwasababu mshipa unaoendesha msuli wa kupumulia unatokea jirani hapohapo shingoni. Akaagiza eksirei ya mtulinga, ule mfupa wa mbele kati ya shingo na bega, maana mtulinga ukivunjika mtoto nae hachezeshi mkono kwa maumivu na unaweza kudhani ni Erb. Haukuwa umevunjika.

Ule mshtuko unaitwa rifleksi ya Moro, rifleksi yani mwili unajibu wenyewe bila mtoto kukusudia. Daktari wa watoto aliekuwa Heidelberg, Ernst Moro, ndie aliuelezea mwaka 1918, na mpaka leo ni kipimo kisicho na gharama yoyote. Tulivorudi nyumbani nikawa nauona kila siku bila kuutafuta, bodaboda ikiwashwa nje, mlango ukijibamiza, mkono wa kulia unafunguka wa kushoto umetulia. Mama mkwe akasema "huyu anashtuka upande mmoja, kuna kitu kinamtazama". Nikamwambia mama, anashtuka pande zote mbili, ujumbe unatoka kichwani kwa mikono yote miwili, ila wa kushoto unakwamia shingoni. Alininyamazia siku hiyo.

Hapa ndo pana kitu ambacho natamani kila mzazi akijue, hata ambae mtoto wake mzima. Mtoto mchanga anarusha mikono, anapiga mateke, ananyonya, anashika kidole chako kwa nguvu mpaka unashangaa, tunasema "ana akili huyu". Ukweli sehemu ya ubongo inayoamua kusogeza mkono kwa makusudi, ile ya juu kabisa, kwa wakati huo bado haijakamata usukani. Kazi nyingi inafanywa na uti wa mgongo na shina la ubongo, pale ubongo unapoungana na shingo. Kunyonya, kumeza, kupumua, kushtuka, kushika, vyote vinatokea huko chini. Njia ndefu inayoteremka kutoka juu ya ubongo kwenda kwenye uti wa mgongo ipo, lakini haijavikwa utando wa mafuta, ni kama waya ambao bado haujavishwa ganda, umeme unapita taratibu na unapotea potea. Utando huo unaendelea kujengwa mpaka mtoto anafika kama miaka miwili, na ndo maana anaanza na shingo, halafu kukaa, halafu kutembea, mikono inatulia kabla ya vidole.

Kwahiyo nini? Kwahiyo mtoto alieumia ubongo anaweza kuonekana mzima kabisa miezi ya mwanzo, kwa sababu kule chini kunafanya kazi. Kwenye benchi la fizio nilikaa na dada mmoja, mwanae alizaliwa akicheza mikono yote miwili vizuri tu, ilivofika kama miezi mitano akaanza kukunja ngumi upande mmoja, vitu anavifuata kwa mkono mmoja tu, mguu wa upande huohuo unakakamaa. Watu walimpongeza kwamba mtoto ameshachagua mkono wa kulia mapema. Fizio akatuambia wote pale, mtoto chini ya mwaka mmoja hatakiwi kuwa na mkono anaoupenda, akiwa nao mlete aonwe. Wa kwake tatizo lilikuwa kwenye ubongo, na lilijitokeza pale ubongo wa juu ulipotakiwa kuanza kazi. Wa kwangu ulikuwa umelegea tangu dakika ya kwanza, na ulegevu wa hivyo wa mkono mmoja, huku mwili mwingine wote uko sawa, unaelekeza kwenye mshipa. Mtu akishaelewa hilo anajua kwanini kliniki za mwanzo haziwezi kumhakikishia kila kitu, na kwanini usiache kwenda miezi minne, mitano, sita, hata mtoto akiwa amenona na anacheka.

Na tena wapo wataalamu wanaoweza kuona hata kabla ya hapo. Fizio wetu alikuwa anamlaza mtoto chali, ameshiba, macho, hana mdoli wala mtu wa kumchekesha, anamrekodi na simu dakika chache. Anatafuta vimwendo vidogo vidogo vya shingo, viwiko, vifundo, kwenda kila upande, ambavyo mtoto anatakiwa awe navyo kuanzia kama miezi mitatu mpaka mitano. Njia hii ilianzishwa na daktari wa Austria, Heinz Prechtl. Vimwendo hivyo visipokuwepo kabisa wanaanza mazoezi na uchunguzi wa ubongo mapema bila kusubiri. Mwanangu alikuwa navyo miguuni, shingoni, mkono wa kulia. Nilivoambiwa hivyo nililia, maana tangu siku ile bega linanasa kilichokuwa kinaniua ni kuwaza ubongo, mkono ningeweza kuubeba.

Turudi nyumbani maana huko ndo kazi ilikuwa. Wiki ya kwanza tuliambiwa tuuache mkono upumzike, tusiuvute, tusimnyanyue kwa makwapa, nguo tuanze kumvisha mkono mgonjwa na kumvua mkono mgonjwa uwe wa mwisho. Ukimbeba usiuache unaning'inia. Na hapohapo akaja mama mmoja jirani, mkandaji anaeheshimika mtaani, amekanda watoto wengi, akasema mkono umeteguka niachieni niurudishe. Sikumvunjia heshima. Nilimwambia mama, shikamoo, naomba unisaidie kitu kingine, mkande miguu na mgongo kwa mafuta ya nazi, mkono huu daktari amesema mishipa yake imevutika na ikivutwa tena inaweza kukatika. Alinielewa. Naomba sana kwenye hili watu wasilegee. Mshipa uliovutika tu unaweza kupona wenyewe, wengi wanapona ndani ya wiki chache mpaka miezi mitatu, lakini mkono wa mtoto ukivutwa na mtu mwenye nia nzuri hakuna atakaeweza kurudisha kilichoharibika.

Baada ya hapo mazoezi. Kila tukibadilisha nepi, kila akitoka kuoga. Kiwiko kimekaa ubavuni, unageuza mkono taratibu kwenda nje, unashikilia, unarudisha. Kukunja kiwiko na kukinyoosha. Kugeuza kiganja juu. Kunyanyua mkono kichwani huku umeshikilia bega kwa nyuma. Sio kwamba mazoezi yanaotesha mshipa, hilo fizio alinisisitizia, mshipa unajiotea wenyewe. Mazoezi yanazuia bega lisikakamae wakati linasubiri, maana likikakamaa hata ujumbe ukifika siku moja utakuta jointi imeshafunga. Mama mkwe akawa ndo fundi mkuu wa zoezi hili. Mikono yake imezoea kukanda watoto, hana haraka, anaimba, mtoto anatulia, mi nikifanya analia. Nikamwachia zamu za mchana.

Kusubiri kulinichosha kuliko kitu chochote. Mshipa ulioumia ndani ukiota unaenda kama milimita moja kwa siku. Hebu piga hesabu, kutoka shingoni mpaka kwenye msuli wa kukunja kiwiko ni sentimita kadhaa, ndo maana daktari anakutajia miezi. Huo msuli ndo wanaoungoja, yani wa mbele ya mkono wa juu. Ukianza kufanya kazi kabla ya miezi mitatu matumaini ni makubwa. Ukifika miezi mitatu mpaka sita hamna kitu, wanaanza kuongea habari ya upasuaji wa kuunga mshipa kwa kipande cha mshipa kutoka mguuni, na upasuaji huo hausubiri mtoto akue, unafanyika ndani ya mwaka wa kwanza. Kwahiyo anaekwambia "subiri afike miaka miwili utaona" anakupotezea muda ambao haurudi.

Katikati ya kusubiri huko likatokea lingine. Mtoto tulikuwa tukimsimamisha kwenye mapaja ya bibi yake anakanyaga, mguu huu, mguu huu, kama anatembea, tunafurahi. Alipofika kama miezi miwili akaacha. Ukimsimamisha anakunja miguu tu. Nyumba nzima ikaingia hofu, ugonjwa umetoka mkononi umeshuka miguuni, mume wangu akapiga simu usiku kwa ndugu zake wote. Fizio alivosikia akatabasamu akasema hiyo ni rifleksi ya kukanyaga, watoto wote wazima wanaipoteza umri huo. Na alituambia kitu kizuri, mtafiti wa Marekani anaitwa Esther Thelen mwaka 1984 alichukua watoto walioacha kukanyaga akawasimamisha ndani ya maji, wakaanza kukanyaga tena. Maana yake ile mipango ya mwendo ilikuwepo bado, ila mapaja yamenona kuliko nguvu ya misuli, maji yakabeba uzito. Tulivofika nyumbani bibi akamtia kwenye beseni kubwa na maji ya uvuguvugu, amemshika kifua, na miguu ikakanyaga. Hofu ya miguu ikaisha siku hiyohiyo.

Jambo lingine nililolipuuzia mwanzoni mpaka nikaelewa maana yake ni lile la kuutambulisha mkono. Fizio alisema ubongo wa mtoto unachora mwili wake kutokana na taarifa zinazopanda kutoka mwilini, mguso, kusogea, kuona. Mkono usiotuma taarifa unaachwa nje ya mchoro. Baadae mshipa unapona, msuli una nguvu, na mtoto hautumii, kwasababu kichwani haupo. Kwahiyo tuliuleta mbele ya macho yake, tuliupangusa kwa kanga, kwa pamba, kwa mkeka, tuliikutanisha mikono miwili kifuani na kuipeleka mdomoni wakati ananyonya, nilihakikisha upande wa ziwa la kulia na la kushoto mkono ule haufichwi chini ya mwili. Hata ile mitikisiko midogo ya vidole na midomo usingizini, ambayo sisi tunasema anacheza na malaika, kuna watafiti Iowa huko Marekani wakiongozwa na Mark Blumberg wamechunguza vitoto vya panya na kuona kwamba mitikisiko hiyo inatuma taarifa ubongoni, yani hata amelala ubongo unajifunza viungo viko wapi. Mi nilikuwa namfunga kanga kubana sana asishtuke, nikaambiwa mlegezee mikono.

Muda nao una maana yake. Karibu na miezi minne mitano ndo ubongo wa juu unaanza kushika kazi, mtoto anaona kitu anakifuata kwa makusudi, na rifleksi ya Moro na ya kushika kidole zinaanza kupotea. Tulitaka mkono uwe umeshaingia kwenye mchoro kabla ya hapo.

Kiwiko kilikunja mara ya kwanza akiwa ananyonya, miezi mitatu haijaisha. Kidogo sana, ukipepesa macho hukioni. Nilimwita mama mkwe aje aone, akaja na unga mikononi, tukakaa tunasubiri na mtoto kalala. Kesho yake kikakunja tena akiona bibi. Fizio akampima Moro na mkono wa kushoto ukafunguka nusu, umechelewa kuliko mwenzake, lakini umefunguka. Toka hapo ilikuwa taratibu, wiki zinapita hamna jipya, halafu ghafla unaona amegusa pua. Alipokaribia miezi tisa walimpima kwa biskuti, unaiweka kwenye kiganja cha mkono ule, unamshikilia kiwiko kikae ubavuni, unaangalia kama ataifikisha mdomoni bila kukunja shingo sana. Aliifikisha. Akaila yote, akanyoosha mkono kutaka nyingine, mkono uleule.

Sitaki kumdanganya mtu kwamba mkono umekuwa sawasawa na mwenzie. Anaunyanyua kupita bega ila haufiki juu kabisa sikioni, akila wali kiwiko kinapanda pembeni kama anapuliza tarumbeta, ni mfupi kidogo ukiulinganisha, na kuupeleka nyuma ya shingo bado ni shughuli. Anabeba kikombe, anavaa fulana mwenyewe, anashika mpira. Tunamwekea vibanio vya nguo kwenye kamba iliyo juu kidogo ya kichwa chake, anavitoa na kuvirudisha, anadhani ni mchezo wake.

Kliniki hatujaacha. Bega la mtoto linakua bado, na misuli inayovuta ndani ikiwa na nguvu kuliko inayovuta nje, kichwa cha mfupa kinaweza kuhama taratibu kwenye jointi bila mtoto kulalamika maumivu. Kwahiyo kila wakienda kumpima wanaangalia ule mzunguko wa kwenda nje, kama unapungua wapige picha, na ikibidi kuna upasuaji wa kuhamisha kano ili misuli mingine isaidie kuzungusha bega. Mara ya mwisho mzunguko ulikuwa umepungua kidogo. Tumeongeza zoezi la kiwiko ubavuni asubuhi na jioni, bibi yake anahesabu kwa sauti na mtoto anahesabu nae, na mwezi ujao tunarudi wakapime tena.